Kaseti Isiyotaja Jina la Mtu

Kaseti ya Kiema ilipofika Emali, mwanzoni mwa mwaka wa themanini na tano, watu waliinunua asubuhi ya siku ya soko na kuirudisha kabla soko halijafungwa.

Haikuwa mbovu. Mimi ndiye niliyesimama nyuma ya kaunta katika duka la Barwaqo, katikati ya leso, betri na taa za kandili, na kila kaseti niliijaribu kwenye redio kabla ya kuiuza. Ilikuwa inalia vizuri. Kosa lake lilikuwa moja tu: haikutaja mtu.

Kwetu Ukambani mtu hununua muziki kama anavyonunua picha yake mwenyewe. Bendi ipige gitaa, sawa, lakini baada ya hapo lazima mwimbaji amtaje mwenye basi, mwenye baa, mwenye poshomili na wake zake kwa mpangilio wa ndoa, na yule chifu anayefumba macho baa ikipitisha saa. Mwenye basi akijisikia ametajwa mara mbili, ananunulia ukoo mzima. Hivyo ndivyo sanaa yetu ilivyokuwa ikipata chakula cha jioni. Sasa Kiema akaleta kaseti nzima, pande zote mbili, banjo tupu. Hakuna bendi, hakuna ngoma, hakuna neno.

"Hii haijaisha," dereva mmoja wa lori akaniambia, akiitupa kwenye kaunta. "Wenzake wako wapi?"

"Ni yeye peke yake."

"Kwani walikosana?"

"Ndivyo alivyotaka mwenyewe."

"Nusu, usinichezee. Mimi sinunui nyumba haina mabati. Mwambie arudi studio amalizie."

Nusu ni mimi. Nilikuwa nimeachana na chuo kikuu kwa makubaliano ya pande zote mbili, na Emali, kwa huruma yake, ikanipa jina linalolingana na shahada yangu.

Nyuma ya dereva alisimama mama mmoja muuza ndizi, naye na kaseti yake. "Nimesikiliza mpaka mwisho," akasema, "nikingoja anitaje. Nilimpa huyo mtu sahani ya muthokoi mwaka jana akiwa hana kitu. Hata kunitaja kidogo tu?"

Barwaqo alizipokea zote bila ugomvi, akazipanga chini ya kaunta. Alikuwa mjane wa mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka upande wa Garissa. Mji mzima ulimwita Mama Billow, na madereva waliokuwa hawaogopi polisi walimwogopa yeye. Alijua kaseti ile ilitengenezwa kwa ajili ya nani. Mimi pia nilijua. Haikuwa dereva wala muuza ndizi. Ilikuwa ya mwanamke mmoja aliyelala Kilungu akiangalia ukuta.

Kiema alizaliwa huko huko Kilungu, milimani. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye kucha ndefu mkono mmoja tu, kama mchawi aliyeacha kazi katikati. Mama yake alikuwa mpiga ngoma wa kilumi. Kwa ambaye hajaiona, kilumi ni ngoma ya kutibu wanawake walioshikwa na pepo. Mgonjwa anakaa katikati. Mpigaji hajui pepo ni wa kabila gani, kwa hiyo anajaribu. Anapiga mdundo wa Kimasai, anatazama mabega ya mgonjwa. Kimya. Anapiga wa Waswahili wa misafara ya zamani. Kimya. Anapiga wa Mzungu. Mabega yakitikisika, basi, pepo amepata wimbo wa kwao. Anasimama, anacheza, na kwa kinywa cha mgonjwa anasema anachotaka. Wa Kimasai ataomba shanga. Wa Kizungu ataomba mkate na soda, na ole wako umletee mkate wa juzi. Mume analeta. Kile kitu kinakuwa cha yule mwanamke milele, hakuna mwingine wa kukigusa, na ugonjwa unaisha.

Halafu misheni ikapanda mlimani ikasema ngoma hiyo ni ya shetani. Mama yake Kiema akachoma ngoma zake mbele ya kanisa, kama wengi walivyofanya, akapewa jina jipya na kitambaa cheupe. Kiema mwenyewe akaandikwa kazi jikoni kwa mmisionari, na mmisionari huyo alikuwa na banjo. Ilikuwa kitu cha duara, kama ungo ulioota shingo. Kila jioni mzee alipigia tenzi humo kwa mwendo wa mtu anayeteremka mlima na baiskeli isiyo na breki. Uhuru ulipofika akaona bora akafie kwao, na banjo akamwachia mtu wa jikoni, kwa kuwa sufuria zilikuwa mali ya kanisa.

Ngozi ya banjo ilipasuka mwaka wa pili. Kiema akaenda kichinjioni Emali, akachukua ngozi ya mbuzi, akaikwangua, akaiwamba mwenyewe. Ngozi hiyo ilikuwa haifichi kitu. Mvua ikinyesha ililegea, banjo ikakohoa kama mzee wa tumbaku. Jua likikaza, ililia kwa sauti ya kukata sikio. Na Emali ilimpa nyimbo ambazo misheni haikuwa nazo: Wamasai wanaoshuka kutoka Loitokitok na ng'ombe, fundi wa Kihindi aliyefungua redio yake mpaka mwisho, askari wazee waliorudi kutoka Burma na midundo ya gwaride miguuni. Barwaqo mwenyewe, akipima leso, alizoea kuvumisha wimbo wa kunyweshea ngamia kisimani. Kiema alikuwa anakaa kwenye gunia mlangoni, anamsikiliza kwa kidole gumba.

Mchana alipiga kwa raha yake. Usiku alipiga na bendi, kwenye baa za barabara ya Mombasa, na mahali walipopendwa zaidi ni Kambu, ambako madereva wa malori walilala.

Ikaja njaa ya themanini na nne. Wazee huipa kila njaa jina, na hii waliiita *nikw'a ngwete*, nafa nikiwa nimeshika. Maana pesa ulikuwa nazo mkononi, na dukani hakukuwa na unga. Nyumbani Emali, Kalunde, mtoto wa pekee wa Kiema, akashikwa na surua tumbo likiwa halina kitu. Mama yake, Ndila, akamtuma utingo wa lori ampelekee mumewe habari Kambu: mtoto ni mgonjwa, unga hakuna, njoo sasa hivi.

Utingo alimkuta Kiema jukwaani. Ndila alikuwa amesema sasa hivi. Kiema alisema kesho. Kulikuwa na wimbo mmoja wa kucheza ambao madereva waliupenda, na usiku ule waliomba urudiwe. Ukarudiwa. Wakaomba tena. Madereva walikuwa na pesa, na mtu mwenye njaa nyumbani haachi penye pesa. Hivyo ndivyo alivyojieleza baadaye, na sijui mimi ningefanya nini. Kesho yake alishuka Emali na noti ndani ya kiatu. Unga hakuupata njiani, Kiboko wala Makindu. Alipofika kwake akakuta majirani wameshachimba kaburi.

Ndila hakumlilia. Hakumtukana. Hilo ndilo lililotuogopesha sisi majirani, kwa sababu tulikuwa tumejiandaa kusikia matusi ya kutosha mtaa mzima. Alilala akageukia ukuta. Ukimwekea uji mdomoni anameza, ukimwita haitiki. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Kaka yake, Pasta Mutiso, akateremka kutoka Kilungu na pikapu ya kanisa, akamchukua dada yake akampeleka kwa mama yao, Syokau. Kwa Kiema alisema neno moja tu: "Tutaomba."

Nilimkuta Kiema kwa Barwaqo siku ya tatu baada ya hapo, amekaa kwenye gunia lake.

"Mpigie kilumi," nikamwambia, kwa uhodari wa mtu aliyesoma sosholojia mihula miwili.

"Nimpigie wapi? Amelazwa kwa mama yake. Mimi niingie nyumba anayolala mama mkwe wangu?"

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hukwepana njiani; akimwona anakuja, mmoja anaingia vichakani. Kuingia anakolala, ni heri uende kanisani uchi. Angalau kanisani watafikiri umerukwa na akili na kukuombea.

"Na hata ningeingia," Kiema akaendelea, "Mutiso akiona ngoma atazichoma, na mimi juu yake."

"Ngoma huna," nikasema.

"Nina hii." Akagonga banjo. "Lakini mimi mwenyewe nina miguu. Ndiyo shida."

Barwaqo alikuwa anakunja leso bila kutuangalia. "Redio haina miguu," akasema. "Redio inaingia kwa kila mtu. Redio haina mama mkwe."

Kiema akainuka, akapanda basi la Nairobi siku ileile.

Studio aliyoipata ilikuwa mtaa wa River Road, nyuma ya duka la magodoro, na magodoro yenyewe ndiyo yaliyozuia kelele za mtaani. Mwenyewe, prodyuza mmoja aitwaye Kilonzo, alikuwa ameachwa hewani asubuhi hiyo: bendi aliyoingoja yote ilikuwa seli ya polisi kwa sababu ya ugomvi wa kreti ya bia. Kiema alinihadithia yaliyotokea, kwa sauti ile yake ya kuhesabia wafu.

"Wenzako wako wapi?" Kilonzo akamuuliza.

"Sikuwaita."

"Mwimbaji?"

"Hakuna."

"Sasa watu wacheze nini, waangaliane?"

Kiema akakaa, akapiga. Alianza na wimbo wa tenzi, polepole, kama mmisionari angeupiga kama angekuwa na breki. Kilonzo akasikia harufu ya pesa. Nyimbo za Mungu zilikuwa zinauza mwaka ule. Mtu mwenye njaa hununua mbingu kwanza. Akafungulia mkanda, na kichwani mwake kaseti ilishapata jina, *Nyimbo za Faraja*, na picha ya jua na njiwa.

Hakujua alichokuwa anarekodi. Ninayo kaseti hiyo hadi leo na nitakwambia kilichomo. Ule utenzi unaanza kwa adabu, lakini ubeti wa pili kidole gumba kinaingia kwenye uzi mfupi, ule wa pembeni, na kinaanza kuchechemea. Nyuzi ndefu zinaendelea kumsifu Bwana huku gumba likipiga kilumi chini yake, kama mzee wa kanisa anayecheza chini ya meza. Baada ya hapo ni Wamasai: anafunika nyuzi kwa kiganja, zinatoa mguno, hazitoi sauti. Halafu kuna ule wa filamu za Kihindi, ambao ni mbaya, niseme ukweli. Anapanda juu na kushindwa kushuka. Upande wa pili unafungua na wimbo wa ngamia, nao umetulia hivi kwamba unasikia kamba ikiteremka kisimani. Kisha gwaride la askari, lakini la askari wanaorudi wachache kuliko walivyokwenda. Na kila mahali ngozi ya mbuzi inalia kavu, imekazwa na jua la mwaka ule. Ukiisikiliza leo, hata nje kukiwa na mvua, chumba kinakauka.

Mjuzi atakwambia ni mchanganyiko wa mitindo. Si mchanganyiko wa kitu. Ni mtu anayebisha mlango mmoja baada ya mwingine akiuliza kama mke wake yumo.

Mwisho mkanda ukabaki na nafasi.

"Jaza," Kilonzo akamwambia.

"Nimemaliza."

"Umemaliza nini?"

"Watu. Nimepiga makabila yote ninayoyajua."

"Na wewe mwenyewe?" akasema Kilonzo, akitaka tu mkanda wake usipotee bure. "Umejipiga?"

Kiema akakaa hapo katikati ya magodoro. Halafu, kwa kuwa mkono ulikuwa umeuzoea wimbo huo kuliko wowote, akapiga ule wa Kambu.

Ndizo kaseti zilizorudishwa dukani kwetu kwa kukosa majina. Kiema hakujali. Alichukua moja, akaniwekea mkononi. "Redio ya Mutiso iko hapa?"

Ilikuwepo. Redio kaseti ya pasta ilikuwa imemeza mahubiri yake ya Krismasi na kuletwa kwangu nimtoe nyoka wa mkanda tumboni. Nilikuwa nimeshaitengeneza. Siku ya pili nilipanda Kilungu pamoja na Barwaqo aliyekuwa na mzigo wa leso za kuuza, mimi nimebeba redio kichwani, kaseti ya njiwa iko ndani yake. Nyuma yetu kwa mbali, kwenye njia ya migomba, mtu mrefu alikuwa anatufuata na gunia.

Pasta Mutiso alitupokea mlangoni kwa mama yake. "Bwana asifiwe."

"Asifiwe sana," nikajibu, maana nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu. Barwaqo alisalimia kwa njia yake na kuanza kutandaza leso kizingitini.

Ndani, Syokau alikuwa kwenye jiko la mawe akichambua mbaazi, bibi mdogo wa mwili, kitambaa cheupe kichwani. Kitandani alikuwa Ndila. Niliuona mgongo wake tu. Mifupa ya mabega ilikuwa imesimama chini ya nguo kama vishikio vya sufuria.

"Umeniletea na kaseti?" pasta akauliza.

"Ya bure, Pasta. Faraja."

Akaangalia njiwa, akaridhika. Akabonyeza. Utenzi ulipoanza, uso wake ukalegea. "Hii ni banjo! Mmisionari wetu wa zamani alikuwa anapiga hivi hivi, nikiwa Sunday school. Mwaitu, mama yangu, unasikia?" Akaanza kuimba pamoja nayo, macho amefunga.

Ubeti wa pili gumba likaingia. Mkono wa Syokau ukasimama juu ya mbaazi. Nilimwona akisikiliza, si zile nyuzi ndefu; akisikiliza chini yake. Akaniangalia. Nikaangalia paa. Walisema zamani hakuna aliyecheza kilumi kama Syokau, kabla hajachoma shanga zake siku moja na mama yake Kiema. Akashusha macho, akaendelea kuchambua, lakini mbaazi nzima alizitupa na mbovu akaziweka.

Upande wa kwanza ukaisha. Mgongo wa Ndila haukusogea.

"Mungu ni mwema," Mutiso akasema, akinyoosha mkono kuzima. "Sasa tuombe."

"Geuza," Syokau akasema.

"Mwaitu, tumesikia ya kutosha."

"Mutiso. Tangu lini wimbo wa Mungu ukaachwa nusu? Geuza upande."

Pasta akageuza, mtoto mtiifu. Ngamia wakanywa, Barwaqo pale mlangoni akanong'ona kwamba amekosea katikati. Askari wakapita. Mgongo uko vilevile. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitamwambia nini yule mtu wa migombani.

Kisha ukaja ule wa Kambu. Ni wimbo wa baa, wa kuchezesha makalio, hauna siri. Lakini alikuwa ameupiga peke yake, bila gitaa la pili, bila chupa kugongwa, na mwishoni mwa kila mzunguko anasita kidogo, mahali ambapo watu huomba urudiwe, halafu anaurudia. Mara ya kwanza alivyosita, bega la Ndila likaruka. Mara ya pili, yote mawili.

Akakaa. Akasimama, miguu myembamba, akashika mti wa kati wa nyumba, na mabega yakaanza kwenda yenyewe, juu, chini, juu, shingo imelegea, pumzi inatoka kwa mikoromo.

"Haleluya!" Pasta Mutiso akapaza sauti. "Roho ameshuka! Haleluya!"

"Nyamaza wewe," mama yake akamwambia. "Hujui hata kilichoshuka."

Wimbo ukaisha. Ndila akabaki anahema. Kisha akasema, kwa Kikamba cha kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chumvi: "Nataka ile banjo."

Ndipo pasta akaelewa. Uso wake ulipitia rangi nyingi kuliko leso za Barwaqo. Alizima redio kana kwamba inamuuma. "Nusu! Umeniletea nini ndani ya nyumba ya mama yangu?"

"Wewe ndiye uliyebonyeza, Pasta," nikasema.

"Kaa chini, Mutiso," Syokau akasema. "Dada yako ameongea. Miezi mitano umeomba, sasa ameongea. Utamwambia anyamaze tena? Mume wake aitwe."

Mume wake hakuwa mbali. Alikuwa nje ya ua, kwenye migomba, amegeuza mgongo ili asije akamwona mama mkwe kwa bahati mbaya. Na kwa kuwa hawawezi kuongea wao kwa wao, kazi ya kupeleka maneno ikawa yangu, ingawa umbali uliokuwepo ni wa kurusha kiatu na kila mmoja alisikia pumzi ya mwenzake.

"Mwambie mkwe wangu nimemsalimu," Syokau akasema ndani.

Nikatoka. "Anakusalimu."

"Nimesikia. Mwambie nami namsalimu, na nyumba yake."

Nikaingia. "Anakusalimu na nyumba yako."

"Mwambie pepo amesimama, na ametaja anachotaka. Anataka banjo."

Nikatoka. Kiema alikuwa ameshashika mdomo wa gunia. "Muulize," akasema, na sauti yake haikuwa nzuri, "ni pepo wa wapi? Ni wa Kimasai? Ni yule wa ngamia?"

Alitaka sana awe wa mbali. Nikarudi mlangoni. "Anauliza ni pepo wa wapi."

Aliyejibu ni Ndila mwenyewe, kutoka gizani pale kwenye mti wa kati, na hakungoja nimpelekee.

"Mwambie ni wa Kambu."

Niligeuka, na hakukuwa na haja ya kutembea. Kiema alikuwa amechuchumaa, gunia mapajani. Alikaa hivyo mpaka Barwaqo alipoacha kukunja leso zake. Halafu akaitoa banjo. Akapitisha kiganja juu ya ngozi ya mbuzi.

"Muulize," akaniambia taratibu, "kama nitakuwa naishika tu. Bila kuipiga."

Nilienda nikauliza. Ndani hawakunijibu. Nikarudi kwake na huo ukimya, akaupokea, akanipa banjo.

Sijui kama alikuwa pepo au alikuwa mke tu. Wanaume wa Emali, habari zilipofika, walikubaliana bila kura kwamba ni pepo, na wakalala vizuri zaidi.

Jumapili Pasta Mutiso alitangaza kanisani kwamba dada yake ameponywa kwa maombi na nyimbo za faraja. Hakusema uongo, alipunguza tu. Waumini wote wakataka hizo nyimbo, na kaseti zilizokataliwa Emali zikapanda Kilungu ndani ya mzigo wa Barwaqo, zikaisha. Kwa majuma kadhaa banjo ya Kiema ililia katika kila boma lililookoka. Ikaenda vizuri mpaka siku walipoipiga kwenye mkutano wa akina mama, na mabibi wazee watatu wa kitambaa cheupe, waliochoma ngoma zao tangu kabla ya Uhuru, wakaanza kutikisa mabega katikati ya ubeti wa pili. Mutiso akakusanya kaseti akazichoma nyuma ya kanisa. Moshi wa plastiki, nasikia, ulikuwa mbaya kuliko dhambi yenyewe.

Ndila alirudi Emali kwa mumewe, na banjo begani. Alikula, akanenepa kidogo, akajibu salamu. Nyuzi alizing'oa akafungia mlango wa kibanda cha kuku. Shingo aliichonga ikawa mwiko. Ngozi ya mbuzi aliikata, na juu ya lile duara la mmisionari akawamba wavu wa waya aliokatiwa na fundi wa Kihindi. Likawa chekeche. Unga ulikuwa umerudi madukani.

Kiema hakujiunga na bendi tena. Alipata kazi ya kufungua na kufunga geti la stesheni. Mtoto hawakupata mwingine. Kucha zake alizikata.

Mwaka wa tisini na tatu akaja mhadhiri wa muziki kutoka chuo kile kile kilichonikosa, na kamera shingoni. Alikuwa ameokota kaseti yetu kwa mchuuzi Nairobi. Nikampeleka kwa Kiema, tukakaa uani, akatoa redio yake ndogo.

"Mzee," akasema, "hakuna mtu katika nchi hii aliyevuka mipaka ya mitindo kama wewe. Ulikuwa unatafuta nini hasa, kisanaa?"

"Mtu," Kiema akasema.

Mhadhiri akacheka, akaandika. "Na banjo yenyewe? Iko wapi? Hiyo inafaa iwe kwenye jumba la makumbusho."

Kiema akaonyesha kwa midomo. Mhadhiri akatazama upande huo, akamwona mama mmoja amekaa mkekani, anachekecha unga, akaligonga duara kwa kiganja, unga ukashuka mweupe. Akatazama nyuma yake, ukutani, kwenye paa. Hakuiona.

Akaiwasha kaseti. Tulisikiliza utenzi, Wamasai, filamu, tukageuza, ngamia wakanywa, askari wakapita. Ndila aliendelea na kazi yake. Askari walipomaliza, Kiema akanyoosha mkono akazima.

"Bado mmoja, mzee," mhadhiri akasema. "Ndio ulio bora."

"Huo si wangu. Ni wa Mama Kalunde. Muulize yeye."

Mhadhiri akamgeukia, kalamu tayari. "Mama, tunaweza kuusikiliza?"

Ndila alipangusa mikono kwenye leso. Alimtazama mgeni, kisha mumewe, kwa muda uliotosha kunifanya nitamani niwe dukani.

"Kwanza mle," akasema.

Akaleta ugali na sukuma. Tulinawa, tukala, na redio ikakaa hapo katikati yetu imezimwa mpaka basi la mgeni likapiga honi barabarani. Hakuusikia. Lakini alikuwa mtu mwenye adabu, na kabla ya kuinuka alimsifu mwenye nyumba kwa chakula. Alisema hajawahi kula ugali laini namna hiyo.

"Ni chekeche," Ndila akamwambia.

Kiema alikuwa bado anatafuna.